Kufunga shafti ndefu na kuweka kisu kwenye mashine ya kukereza

Shafti ya pangaboi la boti ikitoka kwenye mashine nene katikati na nyembamba miishoni, ujue chuma kilikuwa kinakikimbia kisu. Kisu kinasukuma, chuma kirefu kisicho na egemeo kinapinda kidogo kwa nyuma, kisu kikishapita chuma kinarudi mahali pake. Macho hayaoni, mikromita inaona. Na kama mikromita haikutumika, bushi ya nyuma ya boti, ile shafti inamozungukia, itaona: italika upande mmoja, boti itatetemeka, maji yataanza kupenya pale shafti inapotokea nje.

Kazi hizi hazikosekani hapa visiwani Zanzibar. Boti za uvuvi za Malindi, Nungwi, Wesha na Mkoani zinaishi ndani ya maji ya chumvi na shafti zao zinalika. Zipo pia rola za mashine za juisi ya miwa, pini za matrekta, bushi za mashine za kukoboa mpunga. Lakini mimi naona shafti ndefu ndiyo inayompima mkerezaji, kwa hiyo mwongozo huu nimeujenga juu ya kazi moja: nondo ya stenlesi yenye kipenyo cha milimita 40 na urefu wa mita 1.2, inayotakiwa ishuke hadi milimita 38. Urefu wake ni mara 30 ya kipenyo chake. Anayeweza kuifunga hiyo vizuri hatashindwa na pini ya trekta.

Kanuni ninayoisimamia ni hii: kila kinachotokeza ama kifupishwe ama kipewe egemeo. Inahusu chuma kinachokatwa, na inahusu kisu kinachokata vilevile.

Kabla ya kufunga chochote

Zima swichi ya ukutani, si ya mashine peke yake. Vua pete, saa na glovu. Glovu zinavutwa na chuma kinachozunguka na mkono unafuata. Mikono ya shati ikunjwe juu ya kiwiko au ifungwe barabara. Kanzu haikai mbele ya mashine hii, na mwenye ushungi auchomeke wote ndani ya koti la kazi. Miwani ya kukinga macho haina mjadala. Ufunguo wa chaki, yaani kile kichwa chenye taya kinachoshika chuma na kukizungusha, usiachwe ndani ya chaki hata kwa dakika moja: mkono ukitoka kwenye ufunguo, ufunguo nao umeshatoka.

Kisha safisha. Karakana zetu nyingi ziko karibu na bahari, na upepo unaleta chumvi inayokaa juu ya kila chuma kilicho wazi. Mahali pabaya zaidi kushika kutu ni kwenye kichwa cha nyuma, kile kinachotazamana na chaki, ndani ya tundu linaloingia senta (ncha inayoegemeza mwisho wa chuma), kwa sababu halionekani. Funga kitambaa kwenye kijiti, kichovye mafuta ya taa, sugua ndani, kausha, pitisha oili nyepesi, kisha ifute isibaki ikiteleza. Kujua kama senta inakaa sawa, chora mistari mitatu ya kalamu ya wino kwenye mkia wake kutoka mwanzo hadi mwisho, isukume ndani, izungushe kidogo, itoe. Wino ukifutika urefu wote, inashika. Ukifutika sehemu moja tu, kuna uchafu au pamepigwa, na senta ya namna hiyo itayumba hata ukaze vipi.

Chaki nayo ifunguliwe mara kwa mara. Toa taya, safisha mifereji kwa brashi na mafuta ya taa, kisha zirudishe kwa namba zake: ya 1 kwanza, ya 2, halafu ya 3. Ukizichanganya hazitakutana katikati.

Jambo la mwisho kabla ya kufunga ni kukijua chuma chenyewe. Vyuma vingi tunavyoletewa ni vya skrepa, hasa ekseli za magari, na ekseli imekazwa kwa moto upande wa nje. Pitisha tupa: ikiteleza bila kung'ata, kisu cha hai-spidi (chuma cha kawaida cha visu vya mashine) kitaungua pale. Kwa stenlesi, jaribu sumaku. Aina zinazofaa baharini, kama 316, hazivutwi na sumaku au zinavutwa kidogo mno. Kinachong'aa na kuvutwa kwa nguvu huenda ni stenlesi ya aina nyingine, na mwenye chombo aambiwe kabla hujakata.

Taya tatu au taya nne

Chaki ya taya tatu ni ya haraka, lakini hata ikiwa nzima inaweza kuyumba kiasi cha sehemu 5 hadi 10 za mia ya milimita. Kwa nondo mbichi hilo halina tatizo, kwa sababu uso wote unakatwa. Ila shafti ukishaigeuza kushika upande uliokwisha kukatwa, mayumbo hayo yanaingia kwenye kazi. Hapo tumia taya nne zinazokazwa kila moja peke yake.

Namna ya kuisawazisha: simamisha geji ya saa (kipimo chenye mshale kama wa saa) juu ya slaidi inayobeba kisu, ncha yake iguse chuma, zungusha chaki kwa mkono na uangalie taya mbili zinazotazamana. Tuseme upande mmoja geji inasoma 0.40 na wa pili 0.10. Tofauti ni 0.30, kwa hiyo chuma kinatakiwa kisogee nusu yake, 0.15. Legeza kidogo taya ya upande uliosoma namba ndogo, kaza ya upande uliosoma namba kubwa mpaka geji isome 0.25. Hamia jozi ya pili ufanye vivyo hivyo, kisha rudi ya kwanza. Mikono iliyozoea hufika chini ya sehemu 2 za mia bila taabu. Chini ya kila taya weka kibati cha shaba nyekundu au alumini, uso uliokwisha kukatwa usiumizwe.

Tundu la senta

Chuma kisichoegemea mwisho wa pili kisitokeze nje ya chaki zaidi ya mara tatu ya kipenyo chake. Kwa nondo yetu hiyo ni milimita 120 tu. Zaidi ya hapo, senta ya nyuma ni lazima.

Kama tundu la spindo, yaani mhimili unaozungusha chaki, linapitisha milimita 40, sukuma nondo ndani, ubakishe nje sentimita chache, sawazisha uso, kisha toboa tundu la senta. Hapa pana hatari ambayo mafundi wengi huipuuza. Nondo iliyotokeza nyuma ya mashine bila kushikwa inaweza kuanza kupinda na ikageuka fimbo inayozunguka. Ikifika hapo inavunja na inaua. Weka stendi ya kuishika nyuma, zuia watu wasipite, na usiende kasi. Kama nondo haipiti kwenye spindo, tumia stedi, egemeo lenye vidole ambalo nitalieleza mbele kidogo.

Keekee ya senta (ncha ya kutobolea) inatoboa tundu lenye mdomo wa nyuzi 60, sawa na senta yenyewe. Izame mpaka theluthi mbili ya sehemu yake ya mshazari, usizidishe. Ikizama mno, senta itashika kwenye ukingo mwembamba. Ikizama kidogo, ncha ya senta itagonga chini na mshazari hautagusa. Stenlesi haitaki keekee izunguke bila kukata, kwa sababu inasuguliwa na kuwa ngumu pale pale. Sukuma kwa uthabiti, toa chenga, ongeza oili, endelea.

Kichwa cha nyuma kiko sawa?

Shafti ikitoka nyembamba upande mmoja na ikaongezeka pole pole hadi upande wa pili, kichwa cha nyuma hakijakaa kwenye mstari mmoja na spindo. Usikisie, pima. Chukua chuma cha majaribio cha sentimita 30 hivi, kifunge baina ya senta mbili, katikati kikondeshe ili zibaki pete mbili, moja kila mwisho. Pitisha kisu juu ya pete zote mbili bila kubadilisha kina chake baina ya pete, kisha pima kwa mikromita.

Tuseme pete ya upande wa chaki ni 29.90 na ya upande wa nyuma ni 29.96. Upande wa nyuma ni mnene, maana yake pale chuma kiko mbali na kisu. Kisogeze kichwa cha nyuma kuja upande wako kwa nusu ya tofauti, yaani 0.03, ukitazama geji ya saa wakati unakaza skrubu za ubavuni. Kata tena, pima tena. Kwenye mashine kuukuu kitanda, yaani reli zinazobeba kisu na kichwa cha nyuma, kimelika zaidi karibu na chaki, kwa hiyo kipimo ulichokipata mahali pamoja hakitoshi: ukikihamisha kichwa mbali, rudia jaribio.

Sasa suala la joto, ambalo limeharibu shafti nyingi nzuri. Stenlesi ikipata moto inarefuka. Shafti yetu ya mita 1.2 ikipanda joto nyuzi 40, jambo la kawaida kabisa kazini, inarefuka zaidi ya robo tatu ya milimita. Haina pa kwenda: mbele kuna chaki, nyuma kuna senta. Itapinda katikati, na senta itaungua. Kwa hiyo kila baada ya mpito mmoja wa kisu toka mwanzo hadi mwisho simamisha mashine, legeza mrija wa kichwa cha nyuma unaobeba senta, ukaze tena kwa mkono mpaka senta iguse bila kubana, kisha funga. Senta isiyozunguka ijazwe grisi. Ukisikia inalia au ukaona moshi, umechelewa tayari. Senta yenye beringi ndani inavumilia zaidi, lakini nayo haipendi kubanwa na shafti inayorefuka.

Stedi mbili na kazi zake

Stedi ya kusimama inafungwa kwenye kitanda na haisogei. Ina vidole vitatu, na inatumika pale unapotaka kusawazisha uso au kutoboa mwisho wa chuma kirefu ambapo senta haiwezi kukaa. Vidole visikae juu ya uso mbichi wa nondo. Kwanza kata ukanda laini wa mviringo, upana unaozidi kidogo ule wa vidole. Kisha leta stedi karibu na chaki, ambako chuma hakina pa kuyumbia. Leta vidole viwili vya chini mpaka viguse, cha juu kiwe cha mwisho. Karatasi nyembamba ya sigara baina ya kidole na chuma inatosha kukuonesha: ivutike kwa shida kidogo, isichanike. Ukishafunga vidole, legeza stedi yenyewe uisogeze hadi mahali inapotakiwa. Hivyo ndivyo utakavyopata katikati sahihi. Ukiiweka moja kwa moja kwenye mwisho wa nondo unaoning'inia, utakuwa umeinyanyua au umeishusha nondo, na chuma kinachozungushwa kikiwa kimepinda hujitoa chenyewe kwenye taya pole pole. Oili ya kutosha kwenye vidole muda wote.

Stedi ya kufuata ndiyo tunayoihitaji kwa shafti yetu. Hii inafungwa kwenye kibebeo cha kisu na inasafiri nacho. Ina vidole viwili, kimoja nyuma ya chuma kutazamana na kisu, kimoja juu. Sababu ni kwamba kisu kinakisukuma chuma kwenda nyuma, na mzunguko unakinyanyua juu ya kisu. Vidole vinaziba njia zote mbili hizo.

Anza mwisho wa nyuma, karibu na senta, ambako chuma ni kigumu kupinda. Kata milimita 30 au 40 kwa kina kile kile utakachoendelea nacho, simamisha, kisha leta vidole viguse uso huo mpya, nyuma kidogo ya ncha ya kisu. Mpangilio ni kisu mbele, vidole nyuma yake. Usivikaze, vinaegemea tu. Vikibana, chuma kitasukumwa kwenye kisu na utapata mabonde mabonde urefu wote wa shafti. Na kila ukibadilisha kina cha kukata, vidole viwekwe upya, kwa sababu kipenyo kimebadilika. Wanaoruka hatua hii hukata mpito wa pili bila egemeo lolote, huku stedi ipo pale inatazama.

Kisu

Kisu kitokeze nje ya kishikio kidogo iwezekanavyo, kisizidi mara moja na nusu ya kimo cha shina lake. Kisu cha milimita 12 kitokeze 18 basi. Vibati vya kukinyanyulia viwe bapa, safi, na virefu kama sehemu yote inayobanwa. Kipande cha msumeno kilichovunjika kinafaa, mfuniko wa soda haufai, kwa sababu unabonyea na kisu kinashuka kazini.

Kimo cha ncha ndicho kinachoamua mengi. Ncha iwe sawasawa na katikati ya chuma. Ikiwa juu, ubavu wa kisu chini ya ncha ndio unaosugua na kisu kinasukuma badala ya kukata. Ikiwa chini, chuma kinataka kupanda juu ya kisu, na ukisawazisha uso kinabaki kichuchu katikati.

Njia ya haraka ya kupima ni rula fupi ya chuma. Mashine ikiwa imezimwa, leta kisu taratibu mpaka rula ibanwe kidogo baina ya ncha na ubavu wa nondo, kisha itazame kutoka pembeni. Ikisimama wima, ncha iko katikati. Ikiinamia upande wa chuma, yaani kichwa chake kinakukimbia, ncha iko juu. Ikikuinamia wewe, ncha iko chini. Usibane kwa nguvu, hasa kisu kikiwa cha kabaidi, ambayo ni ngumu lakini humeguka upesi: ncha itameguka.

Kwa shafti nyembamba, umbo la kisu lina maneno mengi kuliko watu wanavyodhani. Ncha ya mviringo mpana inatoa uso mzuri kwenye chuma kifupi kinene, lakini kwenye shafti ndefu inaisukuma pembeni. Noa ncha yenye mviringo mdogo, kama nusu ya milimita, na ukingo wa kukata usimame karibu mraba na shafti. Hapo nguvu kubwa inaelekea kwenye chaki, ambako kuna uimara, badala ya kusukuma chuma nyuma. Kata kuelekea chaki daima kwa kazi hii.

Kwa hai-spidi, mwanya wa chini ya ncha uwe nyuzi 8 hadi 10, na mteremko wa juu kuelekea ubavuni nyuzi 12 hivi. Kwa shaba ya njano huo mteremko wa juu uondolewe kabisa, la sivyo kisu kitajivuta chenyewe ndani ya chuma. Ukinoa, poza hai-spidi kwenye maji mara kwa mara. Kabaidi usiichovye ikiwa moto: itapasuka, na ufa wake hutauona mpaka kipande kiruke. Tena kabaidi inataka jiwe lake la kijani. Jiwe la kijivu la kawaida haliiwezi.

Kisu cha kukatia vipande ni habari nyingine. Kitokeze kidogo tu, kisimame mraba, na ukate karibu kabisa na chaki. Usikate kipande mpaka kuachana wakati kimebanwa baina ya chaki na senta: vipande viwili vitakibana kisu na kukivunja.

Spidi na mpito wa kwanza

Hesabu ni rahisi: zidisha spidi ya kukata, kwa mita kwa dakika, mara 318, kisha gawa kwa kipenyo cha milimita. Hai-spidi kwenye stenlesi inataka mita 12 hadi 15. Kwa 15 na kipenyo 40, jibu ni mizunguko 119 kwa dakika. Chagua gia iliyo chini yake. Chuma laini cha kawaida kinavumilia 25 hadi 30, yaani karibu mara mbili.

Zungusha chaki kwa mkono mzunguko mzima. Sukuma kibebeo hadi mwisho wa safari yake uone kama kitagonga taya. Ufunguo wa chaki uko wapi? Uone kwa macho, mezani. Ndipo uwashe.

Tuna milimita 2 za kuondoa kwenye kipenyo. Mpito wa kwanza ondoa 1.4, weka vidole upya, wa mwisho ondoa 0.6. Usiache kiasi kidogo mno kwa mpito wa mwisho, kwa sababu stenlesi iliyosuguliwa inakuwa ngumu na kisu kinateleza badala ya kung'ata. Kisu kikishaanza kisisimame katikati ya njia. Ukisikia mlio wa kutetemeka, punguza mizunguko kwanza, kisha kagua kutokeza kwa kisu, kisha vidole. Nyuzi ndefu za chuma usizivute kwa mkono. Simamisha, tumia ndoano.

Umeme ukikatika katikati ya mpito, jambo tunalolijua vyema, zima swichi ya mashine papo hapo, rudisha kisu nyuma, uachilie mwendo wa kujiendesha. Mashine nyingi za zamani zinajiwasha zenyewe umeme ukirudi, na kisu kilichozama kwenye chuma kilichosimama kitavunjika au kitaing'oa shafti.

Kipimo cha mwisho kisichukuliwe shafti ikiwa moto. Kwa kipenyo cha 38, joto la ziada la nyuzi 40 linaongeza zaidi ya sehemu 2 za mia ya milimita, kiasi kinachotosha kukudanganya kwenye bushi. Legeza senta, iache ipoe mpaka mkono usihisi tofauti na kitanda cha mashine, kisha pima mahali patatu: karibu na chaki, katikati, na karibu na senta. Zikilingana, igeuze, ifunge kwenye taya nne na vibati vya shaba, na umalizie ule mwisho uliokuwa ndani ya chaki.